Mwongozo wa kupanda Mlima Mulanje kwa mara ya kwanza: kutoka Likhubula hadi kilele cha Sapitwa

Maswali ya watu wanaojiandaa kwenda Mulanje hayabadiliki. Je, ni lazima kuwa na mwongozaji ilhali njia ya kileleni imepakwa alama? Je, kamba inahitajika? Je, mtu aliyekwisha kufika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, ana sababu ya kuuhofia mlima wa mita 3,002? Majibu mafupi ni ndiyo, hapana, na ndiyo. Majibu marefu yamo katika hatua zinazofuata, ambazo zimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye afya ya kawaida, anayeweza kutembea siku nzima, lakini ambaye hajawahi kutembea juu ya mwamba mtupu.

Mulanje uko kusini mwa Malawi, mashariki ya Blantyre, karibu na mpaka wa Msumbiji. Si mlima wenye kilele kimoja, bali ni mkusanyiko wa vilele, mabonde na nyanda za juu unaoinuka ghafla kutoka katika tambarare yenye mashamba ya chai, iliyo kwenye mwinuko wa mita 600 hadi 700 hivi. Mwamba wake ni graniti na sayenaiti, jamaa yake wa karibu, uliopoa chini ya ardhi yapata miaka milioni 130 iliyopita na kubaki wazi baada ya ardhi laini iliyoufunika kumomonyoka. Katika jiolojia yote hiyo mpandaji anahitaji jambo moja tu: mwamba wa namna hii ukiwa mkavu hushika soli ya kiatu vizuri kuliko njia ya udongo, na ukilowa huteleza kama sakafu iliyomwagiwa maji ya sabuni. Karibu kila uamuzi utakaoufanya huko juu utatokana na swali kama mwamba umekauka au umelowa.

Waliopanda Kilimanjaro wasijidanganye kwa tarakimu. Kibanda cha Horombo kiko mita 3,720, yaani juu kuliko kilele cha Sapitwa, na ni kweli kwamba kwenye Mulanje hewa nyepesi si tatizo kubwa. Hata hivyo, katika siku ya Sapitwa utapanda kwa mikono na miguu, utatambaa chini ya majabali, na utashuka kwa makalio mahali ambapo heshima yako ingependa ushuke kwa miguu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Viatu vyenye soli ya mpira laini wenye meno mafupi, ambavyo umeshavizoea. Buti za ngozi zenye soli ngumu za kazini hazifai, kwa kuwa mpira mgumu haushiki mwamba. Viatu vipya pia vibaki nyumbani, la sivyo malengelenge yataanza siku ya kwanza.
- Koti la mvua la kweli, si lile la nailoni jembamba linalolowa baada ya robo saa, pamoja na sweta nzito, kofia ya sufu na soksi za akiba zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki.
- Mfuko wa kulalia wenye joto na kigodoro chepesi. Vibanda vya mlimani vina paa, kuta na meko, lakini usitarajie kukuta kitanda kilichotandikwa.
- Tochi ya kichwani na betri za ziada.
- Chakula chote cha siku zako, sufuria, sahani, kisu na kiberiti. Juu hakuna duka.
- Chupa za maji zenye ujazo wa lita mbili kwa jumla, na vidonge au chujio la kusafishia maji.
- Bandeji pana ya kufungia kifundo kilichoteguka, plasta, dawa ya maumivu, dawa ya kuhara na chumvi za kurudisha maji mwilini.
- Ramani, pamoja na programu ya ramani iliyopakuliwa kwenye simu kabla ya safari, kwa kuwa mtandao hukatika katika sehemu nyingi za mlima.
- Fedha taslimu za kwacha, zikiwemo noti ndogo, kwa ajili ya malipo ya vibanda, wapagazi na walinzi.

Kamba haimo katika orodha hii kwa makusudi. Njia za kawaida, ikiwemo ya Sapitwa, hupandwa bila kamba, na mtu asiyejua kuitumia huongeza hatari anapojifunga nayo. Kamba ni ya wapanda kuta, na Mulanje inao ukuta wa magharibi wa kilele cha Chambe ambao wapanda miamba hutoka mbali kuufuata. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Hatua ya 1: Chagua majira kwa kuutazama mwamba, si kalenda ya likizo

Mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Katika kipindi hicho vijito hujaa ndani ya muda mfupi na miamba haikauki, kwa hiyo anayeanza asiende. Machi 2023 Kimbunga Freddy kilisababisha maporomoko ya udongo na mawe katika wilaya za Mulanje na Phalombe, kikaua watu wengi na kubadilisha sura ya baadhi ya miteremko. Ndiyo maana ramani au maelezo ya njia yaliyotolewa kabla ya mwaka huo yanapaswa kuthibitishwa na wenyeji kabla ya kutegemewa.

Kuanzia Mei hadi Agosti mvua kubwa huwa zimekwisha na hewa huwa safi, lakini usiku ni wa baridi kali, na katika miezi hiyo huja chiperoni, upepo wenye unyevu kutoka kusini-mashariki unaoufunika mlima kwa ukungu na manyunyu kwa siku kadhaa mfululizo. Septemba na Oktoba ni miezi mikavu zaidi, ila joto huongezeka, moshi wa mioto ya nyika hufifisha mandhari, na baadhi ya vijito vidogo hupungua.

Kwa mgeni wa mlima huu napendekeza mwisho wa Agosti na Septemba, kwa kuwa mwamba mkavu una thamani kuliko picha za mbali. Anayetaka mandhari aende Mei, lakini aongeze siku moja ya akiba ya kusubiri ukungu uondoke.

Hatua ya 2: Panga siku zako

Mpango unaomfaa mpandaji wa kwanza ni wa siku nne. Siku ya kwanza ni kutoka Likhubula, kituo cha misitu kilicho chini ya mlima, hadi Kibanda cha Chambe, ya pili ni Chambe hadi Kibanda cha Chisepo, ya tatu ni kupanda Sapitwa na kurudi kulala Chisepo, na ya nne ni kushuka. Mwenye siku zaidi anaweza kuendelea kutoka Chisepo hadi kibanda cha Thuchila, kisha cha Sombani, na kushukia Fort Lister, pengo linalotenganisha Mulanje na mlima mdogo wa Mchese. Safari hiyo ndefu inapendeza kuliko kilele chenyewe, kwa sababu hukupitisha katika nyanda za majani, mabonde yenye misitu na miguu ya vilele ambavyo watu wengi hawavioni.

Usijaribu kubana Chambe na Sapitwa katika siku moja. Kosa hilo hufanywa zaidi na vijana wenye nguvu, nao ndio hukutwa na giza kwenye majabali.

Hatua ya 3: Fika Likhubula mapema na ujiandikishe

Anayetoka Tanzania kwa barabara huvuka Kasumulu, kisha hupita Karonga, Mzuzu na Lilongwe hadi Blantyre. Kutoka hapo kuna mabasi madogo ya kuelekea Mulanje. Shuka Chitakale, kituo cha biashara kilicho karibu na mji wa Mulanje, halafu tafuta usafiri wa kwenda Likhubula. Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja unapovuka mpaka. Hili si jambo dogo: Juni jua huzama mapema kuliko ulivyozoea, na ifikapo saa kumi na mbili jioni kwa saa za Malawi giza limeshatanda.

Mlima ni hifadhi ya msitu, na katika ofisi ya misitu ya Likhubula utajiandikisha, utalipia vibanda na kupata mwongozaji. Eleza kwa maandishi njia utakayofuata na siku utakayoshuka. Maandishi hayo ndiyo yatakayowafanya watu waanze kukutafuta usiporudi, kwa hiyo ukibadilisha mpango ukiwa juu, mtume mpagazi au mlinzi wa kibanda apeleke habari.

Hatua ya 4: Kubaliana na mwongozaji na wapagazi kabla hamjaondoka

Mwongozaji ni wa lazima kwa mgeni, hata kama njia ina alama. Watu wamepotea Sapitwa wakipanda peke yao, na eneo la kileleni lina mianya mingi kati ya majabali kiasi kwamba mtu aliyeumia anaweza kuwa karibu sana na njia bila kuonekana.

Makubaliano yawe wazi katika mambo manne: malipo ya kila siku, nani ananunua chakula chao, uzito wa mzigo, na safari inaishia wapi. La mwisho husahaulika mara nyingi. Ukishukia Fort Lister, mpagazi wako wa Likhubula ana safari ya kurudi nyumbani, na nauli au siku hiyo ya ziada inapaswa kulipwa. Pima mizigo mbele ya wote badala ya kukisia kwa macho. Hakikisha pia kwamba mpagazi ana blanketi na kitu cha kumkinga na mvua, kwa kuwa wengi wao hupanda wakiwa na nguo zilezile walizovaa bondeni.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, panda uwanda wa Chambe kwa mwendo mdogo

Kutoka Likhubula kuna njia mbili kuu za kwenda Chambe: Skyline, inayopanda moja kwa moja kwa mwinuko mkali, na Chapaluka, ambayo ni ya taratibu zaidi. Muulize mwongozaji ni ipi iko katika hali nzuri siku hiyo, na umwamini. Anza asubuhi na mapema, kwa kuwa sehemu ya chini ni ya joto na jua la mchana humaliza maji ya chupa kabla hujafika juu.

Tembea kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza bila kukatika pumzi. Anayekimbia saa ya kwanza huchosha mapaja, na mapaja yaliyochoka ndiyo yanayosababisha kuteleza saa za alasiri.

Hatua ya 6: Jifunze kutembea juu ya mwamba kabla hujauhitaji ujuzi huo

Kuanzia Chambe utakutana na miamba mipana iliyolala kwa mteremko, wakati mwingine mirefu kuliko uwanja wa mpira. Fanya mazoezi kwenye kipande cha chini, kisicho na hatari, jioni ya siku ya kwanza.

Simama wima. Woga humfanya mtu auinamie mwamba na kuushika kwa mikono, na hapo ndipo uzito unapoondoka kwenye soli na miguu kuanza kuteleza. Uzito wote ukae juu ya nyayo, soli nzima iguse mwamba, kisigino kishuke badala ya kuinuka, na hatua ziwe fupi. Tafuta sehemu zenye chembechembe zinazokwaruza, vijishimo na kingo ndogo, na uweke mguu hapo kwa utulivu mara moja bila kuuburuta.

Wakati wa kushuka, kunja magoti kidogo na ulete kifua mbele ya nyonga. Kuegemea nyuma huonekana salama lakini ndiko kunakoangusha watu wengi. Ukiona mteremko ni mkali, shuka kwa mshazari, ukienda upande mmoja na kurudi upande mwingine. Kuketi na kushuka kwa makalio kuruhusiwe pale tu unapoona wazi mahali utakapoishia.

Jifunze kusoma rangi. Michirizi myeusi kwenye mwamba ni njia za maji, na huwa na ukoga unaoteleza hata pale inapoonekana mikavu. Ivuke kwa hatua moja ndefu au izunguke. Madoa ya kijani na ya kijivu ya kuvumwani, utando hai unaoota juu ya mawe, hushika vizuri yakiwa makavu, lakini yakilowa hubanduka chini ya kiatu. Bapa la jiwe linalotoa sauti ya utupu unapoligonga halijashikamana na mwamba, kwa hiyo usilikanyage wala kulivuta. Mimea yenye mashina yanayoota juu ya mwamba mtupu ina mizizi mifupi, nayo haifai kubeba uzito wako.

Fimbo za kutembelea ni nzuri kwenye udongo na kwenye majani. Mahali mikono inapohitajika, zikunje na kuzifunga kwenye begi, kwa sababu fimbo inayoning'inia kwenye kifundo cha mkono hunasa kati ya mawe na kumvuta mwenyewe.

Hatua ya 7: Vuka vijito kwa subira

Maji ya Mulanje hushuka kwenye mwamba usionyonya, hivyo kijito kinaweza kujaa haraka baada ya mvua na kupungua tena baada ya saa chache. Kikijaa, kaa usubiri. Usiruke kutoka jiwe hadi jiwe, kwani mawe ya kijitoni ndiyo yenye ukoga zaidi. Ni afadhali kulowesha viatu kuliko kuvunja mguu. Legeza mikanda ya begi kabla ya kuingia majini ili uweze kulivua upesi ukianguka.

Hatua ya 8: Ishi vizuri kibandani

Kila kibanda kina mlinzi anayeleta kuni na maji, naye hupewa bakshishi. Safisha maji ya kunywa hata kama kijito ni safi kwa macho. Usikubali kuchoma wala kununua mbao za mwerezi wa Mulanje, mti wa taifa wa Malawi, ambao umekatwa kwa wizi hadi ile mikubwa imekaribia kwisha katika mlima ambao ndio asili yake. Takataka zote zishuke nawe.

Kwa Wamang'anja, Wayao na Walomwe mlima huu ni makao ya mizimu, na mwaka 2025 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia kwa sababu ya utamaduni huo. Muulize mwongozaji mahali ambapo haifai kupiga kelele au kuoga, na ufuate atakavyokuambia bila mabishano.

Hatua ya 9: Siku ya Sapitwa

Kutoka Chisepo hadi kileleni ni kupanda takriban mita 800, na watu wengi hutumia saa tatu hadi tano kwenda tu. Ondoka kunapopambazuka, ukiwa na begi dogo lenye maji, chakula, koti la mvua, sweta na tochi. Acha mizigo mingine kibandani.

Sehemu ya kwanza ni miamba mipana yenye mteremko, na hapo mazoezi ya Chambe hulipa. Baadaye njia huingia kwenye vichaka na majabali makubwa yaliyorundikana, ambapo utapanda kwa mikono, utapenya kwenye mianya na mara nyingine utatambaa ukiwa umevua begi na kulisukuma mbele yako. Fuata alama nyekundu zilizopakwa kwenye mawe. Kanuni ni kwamba usiiache alama moja kabla ya kuiona inayofuata. Msipoiona, mmoja abaki kwenye alama ya mwisho huku mwongozaji akitafuta. Wapandaji wakae karibu kiasi cha kusikiana kwa sauti ya kawaida.

Weka saa ya kugeuka kabla hujaondoka, na iwe saa sita mchana. Ikifika, mnageuka hata kama kilele kinaonekana. Aidha, mvua ikianza au ukungu ukilowesha mwamba mkiwa bado kwenye miamba ya chini, rudini mara moja, kwa sababu mwamba ulioupanda kwa urahisi ukiwa mkavu ndio utakaoshindwa kuushuka ukishalowa.

Hatua ya 10: Shuka ukiwa na akili ya kupanda

Ajali nyingi za milimani hutokea wakati wa kushuka, mtu akiwa amechoka na mawazo yake yameshafika nyumbani. Kula kabla ya kuanza kushuka, kaza kamba za viatu ili vidole visigonge mbele, na upumzike kila saa. Ukifika Likhubula, saini kwamba umerudi.

Mambo yanapokwenda kombo

*Ukungu umefunga na hamwoni alama.* Kaeni pamoja mlipo, vaeni nguo zote na msubiri. Ukungu mara nyingi hufunguka kwa dakika chache, na dakika hizo zinatosha kuona alama inayofuata. Kamwe msifuate kijito kushuka kwa kudhani kitawafikisha bondeni. Vijito vya Mulanje huishia kwenye maporomoko na kuta za mamia ya mita.

*Mwenzako anatetemeka, anajikwaa na kuongea kivivu.* Joto la mwili wake linashuka. Mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mvalisheni kavu, mwingizeni kwenye mfuko wa kulalia na mpeni kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe isitumike.

*Kifundo kimeteguka.* Msivue kiatu mkiwa bado njiani, kwa sababu uvimbe utazuia kukivaa tena. Fungeni bandeji juu ya kiatu, gawaneni mzigo wake, na mumtume mpagazi mmoja mbele mapema. Msaada huku hufika kwa miguu, hivyo saa mnazopoteza kujadiliana ni saa za mwanga mtakazozihitaji.

*Umeganda katikati ya mwamba kwa woga.* Usitazame bonde. Tazama nafasi mbili tu za miguu zilizo mbele yako, mwongozaji asimame chini yako kidogo kwa upande, na aweke kiganja chake nyuma ya kisigino chako katika kila hatua mpaka utakapofika kwenye majani.

*Mwongozaji anataka kuendelea na wewe unaona mwamba umelowa.* Rudini. Mlipe siku yake yote kama mlivyokubaliana, ili asiwe na sababu ya kukushawishi kesho.

*Mwongozaji anakataa kuendelea na wewe huoni tatizo.* Rudini vilevile, na kama mna siku ya akiba, muulize hapohapo kama asubuhi inayofuata inaweza kufaa.